Paa la Ghala Likivuja, Nani Alipie Mahindi?

Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, wafanyabiashara walikumbushwa kwamba unyevu ni hasara. Kiwango cha Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Ghala la kupanga likivuja Namanga au Sirari, mzigo uliokauka vizuri shambani unaweza kukataliwa mpakani.

Hasara hiyo ni ya nani? Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2012 zinafanana hapa: aliyepangisha sehemu tu ya jengo ana wajibu wa kutunza paa, kuta kuu na mifereji mikuu. Mwenye ghala aliyeambiwa mapema akapiga danadana, haki ni alipie mahindi, si kubadilisha bati tu.

Mpangaji naye ana lake. Aliyeona tone la kwanza akanyamaza, akaacha magunia sakafuni, abebe sehemu ya hasara. Atoe taarifa kwa maandishi yenye tarehe, apige picha, ahamishe mzigo.

Mkataba nao utaje siku za matengenezo, na nani alipe zikipita. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.