Mwenzetu aliyeangukiwa asipewe deni kwanza

WARAKA KWA WANAKIKUNDI WOTE
Mbagala, Dar es Salaam

Yah: Biashara za wenzetu waliofiwa, walioachwa na waliopoteza walichokuwa nacho

 

Nawaandikia kabla hatujavunja mzunguko huu wa kuweka na kukopa, kwa sababu kuna jambo tunalolipita mbiombio katika vikao vyetu tukiwahi hisa na marejesho. Ndani ya kikundi hiki wamo wajane. Wamo walioachwa na watoto mkononi, wamo waliouguza mpaka wakauza kitanda, wamo waliokuta nyumba imepigwa mnada kwa deni ambalo hawakuwahi kuambiwa. Karibu kila mmoja wao alipofika kwetu alisema: nataka nianze biashara. Na sisi, kwa nia njema kabisa, tukamwandikia mkopo.

Naomba tugeuze mpangilio huo. Mwenzetu aliyeangukiwa na jambo apewe muda kwanza, asaidiwe haki yake ipatikane, apate wateja wanaolipa. Mkopo uje mwisho, na ukija uwe mdogo.

Nianze na muda. Tumezoea kusema kwamba mwanamke aliyeumia anakuwa mkali wa biashara, kwamba shida humfundisha. Siamini hivyo. Mtu mwenye msiba mpya anasahau chenji, anapima mchele mara mbili, anakaa kwenye banda lake akitazama barabara mpaka mteja anaita mara tatu. Huyo si mzembe, ana majonzi. Kumpa laki tatu za kikundi wakati huo, zenye riba na mdhamini na tarehe ya marejesho, ni kumwongezea msiba wa pili. Miongoni mwa Waislamu mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, na katika muda huo haifai mtu kumtumia ujumbe wa kumkumbusha faini. Wenzetu Wakristo hawana eda, lakini nao wana kilio chao na wanastahili nafasi hiyo hiyo. Napendekeza kwamba aliyefiwa na mume au mtoto asimamishiwe marejesho na faini kwa miezi minne, bila kuulizwa, bila kuandika barua ya kuomba.

Hapo hapo tuzungumze rambirambi. Fedha ya mfuko wetu wa jamii tunaikabidhi siku ya msiba, na sote tunajua inakokwenda: mchele, mafuta, maturubai, nauli za wageni. Wenye msiba wanaandika kwenye daftari, watu wanakula, matanga yanavunjwa, na mjane anabaki na masufuria ya kuazima ya kurudisha. Kulisha waliokuja kuzika ni heshima na sitaki tuiondoe. Ila tugawe. Nusu itolewe siku ya msiba, nusu ibaki kwenye sanduku letu kwa jina lake, akabidhiwe yeye mwenyewe, mkononi, baada ya arobaini au akitoka eda. Fedha hiyo haina riba wala mdhamini. Wengi wao hawatahitaji mtaji mwingine wa kuanzia.

La haki nitalieleza kwa urefu, maana ndilo tunalolijua kidogo na ndilo lenye fedha nyingi kuliko sanduku letu lote.

Mume akifa leo, kesho kutwa shemeji wanaingia. Wanabeba friji, wanabeba cherehani, wanachukua funguo za pikipiki. Tunasema ni mambo ya ukoo, tunanyamaza. Lakini friji ile ni biashara ya barafu na juisi. Cherehani ni biashara ya sare za shule. Pikipiki, hata akimpa kijana aendeshe kwa hesabu ya siku, ni chakula cha watoto. Tukishamwacha anyang'anywe mitaji hiyo, ndipo tunamwita kwenye kikao tumkopeshe mtaji mwingine kwa riba!

Kwa hiyo mtu akifiwa, wawili kati yetu wamsindikize. Cheti cha kifo kipatikane. Kikao cha ukoo kikae na muhtasari uandikwe, na jina lake lionekane ndani yake. Shauri la mirathi lifunguliwe mahakamani ili msimamizi ateuliwe, na mke anaweza kuomba usimamizi huo yeye mwenyewe. Bila barua ya usimamizi, benki haitoi fedha za akaunti ya marehemu. Kama marehemu aliajiriwa, waulize pia mafao yake ya hifadhi ya jamii. Kwa sheria ya Kiislamu mke ana fungu lililotajwa: thumuni kama marehemu ameacha mtoto, robo kama hakuacha. Hilo ni lake, si zawadi ya shemeji. Kwa sheria za mila hali ni ngumu zaidi, kwa sababu Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 linamwacha mjane nje ya mirathi ya mumewe. Wajane wawili wa Kisukuma waliofukuzwa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume zao walilipinga tamko hilo mahakamani hapa nchini. Walipokwama walikwenda mpaka kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema haki zao zimevunjwa. Nawataja ili tujue kwamba kunyamaza si lazima, hata pale sheria inapoonekana kutufungia mlango.

Kwa walioachwa, kuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja. Kisha kuna shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, la mwaka 1983, ambalo kila mwanamke katika kikundi hiki anapaswa kulijua kwa jina. Mahakama ya Rufani ilisema humo kwamba kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Tangu hapo mume hawezi kusimama mbele ya hakimu akasema huyu alikuwa amekaa tu nyumbani, na hoja ikaishia hapo.

Lakini shauri hilo lina upande wa pili ambao hausimuliwi sana. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao alioudai. Mumewe aliwahi kumpa fedha kwa ajili ya mradi wa familia, na mahakama ikaona kwamba fedha hizo zilipotea mikononi mwake bila mradi kuonekana. Haki waliyoipata wanawake wengine kupitia jina lake, yeye ilimpita. Kila nikilifikiria hilo natamani kila mmoja wetu awe na daftari. Stakabadhi ya kiwanja, ya bati, ya mifuko ya saruji uliyonunua kwa fedha ya maandazi, iandikwe jina lako na itunzwe mahali unapopajua wewe. Usingoje ugomvi uanze ndipo uanze kutafuta karatasi.

Sasa nije kwenye wateja. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nitasema na sisi wenyewe.

Yuko mwenzetu anayepika vitumbua. Analoweka mchele jioni, anaamka usiku wa manane kusaga na kukamua tui, anaacha unga uumuke, na adhana ya alfajiri inamkuta ameshapasha chuma. Nimekaa naye asubuhi moja nikamwangalia. Anamimina, anasubiri pembeni paanze kukauka, anageuza kwa kijiti, anatoa, na hakosei hata kimoja. Kwenye kopo la chenji kulikuwa na sarafu chache. Pembeni yake daftari la madeni lilikuwa limejaa, na majina niliyoyaona humo mengi ni yetu. Tunapita tukienda kituoni, tunachukua vinne vya watoto, tunasema nitakuona jioni. Tunaona tumemuunga mkono.

Tufanye hesabu yake, bei zikipanda au kushuka mtarekebisha. Mchele kilo 2 kwa 2,800 ni 5,600. Nazi 3 ni 3,000. Sukari nusu kilo 1,500, mafuta 2,000, mkaa 1,500, hamira na iliki 400. Jumla 14,000. Tuseme vinatoka vitumbua 100, kila kimoja 200, ni 20,000. Faida 6,000, na hapo hatujamlipa usingizi wake. Vitumbua 30 vikichukuliwa kwa mkopo, shilingi 6,000 zimeandikwa kwenye daftari na faida ya siku imekwisha. Cha thelathini na moja kinakula mtaji. Wiki ikiisha anakuja kwenye kikao kuomba nyongeza, na sisi tuliomla ndio tunaonyoosha mkono kupitisha au kukataa ombi lake.

Naomba iwe kanuni ya kikundi, iandikwe kwenye katiba yetu: kwa mwenzetu aliyeanza biashara baada ya matatizo, mwanakikundi halipi kesho. Huna fedha, usichukue. Salimia upite, atafurahi zaidi. Na tukiwa na shughuli, maulidi, kipaimara, kikao cha shule, agizo la vitafunio liende kwake, na nusu ya fedha itangulie ili asikope kununulia mchele wetu. Asiyepika anaweza kushona, anaweza kuuza mkaa, anaweza kwenda soko la Feri alfajiri kuchukua samaki na kuja kukaanga. Popote alipo, tumtafute tukiwa na fedha taslimu.

Hata wateja wakilipa, matatizo mengi ya mitaji yetu hutokea Januari, shule zinapofunguliwa. Ada imefutwa katika shule za serikali, lakini sare, madaftari, viatu na michango vipo, na mama asiye na mwenzake wa kumgawia mzigo anavilipa kutoka kwenye kopo la biashara. Kumwambia asiguse mtaji wakati mtoto amerudishwa nyumbani ni maneno matupu. Tuanzishe mkopo wa shule ulio mbali na mkopo wa biashara, usio na riba, wa kiwango kidogo, unaotolewa Desemba. Na kila anayeanza awe na laini yake ya simu ya fedha za biashara tu, jioni aweke humo gharama ya kesho kabla hajanunua mboga.

Ndipo tufike kwenye mkopo wenyewe. Kanuni yetu inamruhusu mtu kukopa mara tatu ya hisa zake. Kwa anayeanza, iwe ni fedha ya kuzungusha bidhaa za wiki moja, isizidi hapo, na marejesho yaanze mwezi wa pili. Akirudisha huo vizuri, aongezewe. Akitaka kukua zaidi, tuombe kama kikundi ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, inazitaka halmashauri zitenge sehemu hiyo ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa 2024. Usajili wetu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 uwe hai, mihtasari iwe kamili, vinginevyo tutaishia kusikia wengine wamepata. Kwa wanaotaka kufungasha unga wa lishe au achari, SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanatoa mafunzo, waendeeni.

Mikopo ya kausha damu siwaombi mpunguze, nawaombeni muache. Tumeona wenzetu wakibebewa magodoro mbele ya watoto. Na kuhusu ile mikopo ya kwenye simu, inayotuma ujumbe kwa kila namba uliyonayo ikikutangaza kuwa mwizi, Benki Kuu mwaka 2024 ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Mjane mwenye njaa huzifuata kwa sababu zinampa fedha ndani ya dakika tano na sisi tunamwambia asubiri kikao. Ile nusu ya rambirambi iliyobaki kwenye sanduku ndiyo itakayomzuia.

La mwisho, kuna ambao biashara haitawafaa, na tusiwalazimishe. Mmoja anaweza kuwa fundi mzuri anayependa kuajiriwa, mwingine anataka kurudi kijijini kulima. Hao nao tuwasindikize kutafuta kazi kwa nguvu ile ile.

Kikao kijacho nitaleta hoja tatu tuzipigie kura: kusimamisha marejesho miezi minne kwa aliyefiwa, kugawa rambirambi mara mbili, na mkopo wa shule wa Desemba. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo, tutaisikiliza. Kabla ya siku hiyo, yeyote ambaye jina lake limo kwenye daftari la vitumbua apite alipe. Mwenzetu anafungasha virago vyake saa nne asubuhi, kwa hiyo wahini.

Wenu,
Katibu wa kikundi