Mali Bila Daftari



Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Serikali za majimbo ya Marekani nazo zina daftari lao, na fedha nyingi za umma hugawanywa kwa kulitazama.

Tulichukue jimbo la Washington, lililo pwani ya magharibi. Mwaka 1983 bunge la jimbo hilo liliunda taasisi ya utafiti, ili lisiwe likikata shauri kwa kukisia. Baadaye likaipa suala zito la magereza, kwani makadirio yalionyesha kuwa kufikia mwaka 2020 yangehitajika magereza mawili mapya. Katika ripoti yao ya mwaka 2006, watafiti walipitia tathmini 571, wakapima gharama na faida za mipango mbalimbali. Ikadhihirika kwamba kuwasomesha wafungwa hupunguza uhalifu, ilhali kuwatembeza vijana gerezani ili watishike huuongeza. Mwaka 2007 bunge likatenga dola milioni 48 kwa mipango iliyothibitika. Jambo hili si geni kwetu Waislamu: Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuzihakiki habari kabla ya kutenda.

Lakini ushahidi hauwi ushahidi pasipo hesabu, na hesabu nyingi huanzia katika karatasi tunazozijaza wenyewe. Mzazi anapomwandikisha mtoto shuleni katika jimbo hilo, huulizwa ni lugha gani mtoto alijifunza kwanza, na ni ipi aitumiayo zaidi nyumbani. Akijibu kuwa ni Kiswahili, mtoto hupimwa Kiingereza chake. Akionekana kuhitaji msaada, huhesabiwa, na jimbo hutoa fedha za kumfundisha kwa kadiri ya hesabu hiyo.

Wako miongoni mwetu waandikao "Kiingereza" kwa kuchelea mtoto kudharauliwa. Hofu hiyo twaifahamu. Hata hivyo, mzazi ana haki ya kuyakataa masomo hayo hata baada ya mtoto kupimwa. Aifichaye lugha yake hamnyimi mwanawe peke yake; hesabu ikipungua, hupungua pia fungu la kumlipa mwalimu wa watoto wa jirani.

Basi, ndugu zetu, karatasi ya shule ikifika nyumbani tuisome hadi mwisho, tuijaze kwa ukweli, na asiyeijua lugha yake amwombe mwenziwe amsomee. Asiyeandikwa daftarini hapangiwi fungu.