Mafunzo Kazini: Anayesahau ni Ofisi, Si Mtumishi

Mwaka wa fedha unapoelekea ukingoni, kumbi za mikutano hujaa watumishi wa umma. Mgeni rasmi hufungua, makabrasha hugawiwa, posho husainiwa, picha ya pamoja hupigwa na vyeti vya ushiriki hutolewa. Miezi mitatu baadaye, mengi yaliyofundishwa yamefutika. Wakubwa huwa na maelezo mepesi: watumishi wetu ni wazito, tena hufuata posho tu. Kwa maoni yangu, tuhuma hiyo inakwepa swali lenyewe.

Kusahau ni maumbile ya binadamu. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Kwa kipimo chake, baada ya siku moja takriban theluthi mbili ya alichokariri ilikuwa imepotea. Mtu anaweza kupinga kwamba mafunzo ya kazi yana maana, hayafanani na silabi hizo. Ni kweli. Lakini mtunza ghala anayekalishwa siku tatu kusikiliza mada ya mipango mkakati isiyogusa ghala lake, kwake yeye hizo ni silabi tu.

Dawa nayo inajulikana. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwalinganisha wanafunzi waliosoma matini kwa kurudiarudia na wenzao waliosoma kisha wakajipima kwa kuyakumbuka waliyoyasoma. Dakika chache baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kumbe maarifa hukaa kichwani kwa kuyatoa na kuyatumia, si kwa kumiminiwa tu. Sisi tunafanya kinyume: slaidi kuanzia asubuhi hadi jioni, na swali pekee mwishoni ni fomu inayouliza kama ukumbi na chakula viliridhisha.

Hata hivyo, kasoro kubwa haiko ukumbini. Iko ofisini, mtumishi anaporejea. Tazama mfano wa ununuzi wa umma. Mwaka 2023 Tanzania ilianza kuhama kutoka mfumo wa TANePS kwenda NeST, na maofisa walilazimika kujifunza upya. Ofisa anayeufungua mfumo huo kila wiki hana nafasi ya kuusahau, kwa sababu kazi yenyewe inamkumbusha. Sasa mlinganishe na mwenzake aliyefundishwa kuchambua takwimu, akarudi akakuta kompyuta moja kwa watu sita, na mkuu wa idara ambaye hakuhudhuria mafunzo akimwambia, “Hapa sisi tumezoea hivi.” Huyo hakusahau kwa uvivu. Ofisi imemfundisha kusahau.

Kuhusu posho, tuseme ukweli bila kejeli. Pale mshahara usipotosha, posho ya kujikimu huwa ada ya shule ya mtoto. Ndiyo maana katika ofisi nyingi majina ya washiriki hupangwa kwa zamu, ili kila mmoja apate. Zamu hiyo ina utu ndani yake, lakini humpeleka darasani asiyehusika na kumwacha mezani anayehusika. Gharama yake hulipwa na mwananchi aliyefuata hati ya kiwanja, anayeambiwa arudi kesho na mtumishi ambaye hajui utaratibu mpya. Fedha za mafunzo yale ni kodi yake.

Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji bajeti mpya. Kwanza, jina la mshiriki litokane na kazi yake, na suala la kipato lijadiliwe waziwazi kama suala la mishahara. Pili, mafunzo ya siku tano yagawanywe: siku tatu za kwanza, mwezi mmoja wa kuyatumia kazini, kisha siku mbili za kurudi na matatizo halisi yaliyojitokeza. Tatu, mkuu wa idara na mtumishi wakubaliane kwa maandishi kitu kimoja kitakachobadilika, na vifaa vitakavyohitajika. Mfumo wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya OPRAS, tayari unapima utendaji. Makubaliano hayo yaingizwe humo, na mkuu naye apimwe kwayo.

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nta tunayo ya kutosha, imejaa makabatini kwa sura ya vyeti. Kabla ya kupitisha fungu la mafunzo yajayo, kila mwenye mamlaka ya kusaini aulize swali moja: yale ya mwaka jana yalibadilisha nini mezani kwa nani? Asiyeweza kulijibu asipewe saini.