Kitabu bado, televizio imekwisha maliza

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama na watoto mnaobaki mjini wakati sisi tuko kwenye mashimo, leo hatuandiki juu ya bei ya dhahabu wala juu ya kodi. Tunaandika juu ya ile seri ya Game of Thrones. Vijana wanaibeba kwenye simu na kwenye kle mpaka ndani ya kambi, wanaiangalia usiku kama kuko mtu wa kuwasha jenereta, na mabishano yake yametuchosha masikio. Wanasema seri iliisha 2019, basi hadithi imeisha, sasa yule mzee anaandika nini tena? «Mwisho yake batu bote banayua.»

Sisi tunasema hapana. Kilichoisha ni filimu.

Tueleze kidogo kwa wale wasiomjua. George R. R. Martin ni Mmarekani, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa bandari kule New Jersey. Wale wetu wanaobeba mizigo hapa beach ya Kisangani wamsalimie kama ndugu. Mwaka 1996 alitoa kitabu cha kwanza cha hadithi ya wakubwa wanaogombania kiti cha chuma, pamoja na majoka yanayotema moto na maiti zinazotembea kutoka upande wa baridi. Mwanzoni alifikiri vitabu 3 vitatosha. Mpango ukakua, ukawa 7. Vilivyotoka ni 5, na kile cha 5 kilitoka Julai 2011. Kwa Kifaransa hadithi inaitwa Le Trône de fer, na wachapishaji walivikata vile 5 vikawa tomu 15. Kwa hiyo mtu akijisifu mbele yako kwamba amesoma tomu 15, usidhani ameona mwisho. Hajauona.

Seri ilianza kwenye HBO Aprili 2011. Wakati ule mwandikaji alikuwa mbele yao mbali sana, na mwenyewe aliwaandikia episodi moja kila sezoni, kwa sezoni 4 za kwanza. Lakini televizio ilitaka sezoni kila mwaka, na kitabu kile cha 5 peke yake kilikuwa kimefika miaka 6 baada ya cha 4. Hesabu hiyo mtoto wa primaire anaifanya. Mwanzo wa Januari 2016 Martin akaandika wazi kwamba amepitisha tarehe mbili za wachapishaji, mwisho wa Oktoba na mwisho wa mwaka, kitabu cha 6 hakijakuwa tayari, na seri itampita. Ikampita kweli. Mwezi wa 5 mwaka ule watu wakajua kwa televizio sababu ya jina la Hodor, lile jitu linalobeba mtoto mgongoni. Vitabu vilivyotoka havijasema neno juu ya hiyo.

Mambo ya namna hii sisi tunayajua kwa mikono yetu. PDG wa shimo, yule mwenye kutoa pesa, analipa chakula, mbao, pompi, deni linaandikwa kwenye daftari, na mawe yanatakiwa kwa tarehe. Kama tarehe inafika na hamjagusa mshipa, atawaambia pasueni pembeni, toeni chochote. Kitu kitatoka na kitauzwa. Lakini ukienda mjini kusema shimo lile limeisha, umedanganya watu, juu mshipa uko palepale chini.

Ila tusimbebeshe PDG dhambi isiyo yake. HBO ilikuwa tayari kulipa sezoni zingine. Waongozaji wawili, David Benioff na D. B. Weiss, ndio walitaka kufunga. Sezoni zilizokuwa na episodi 10 zikashuka 7, halafu 6. Martin alikuwa amewaambia mambo makubwa ya mwisho, sawa, lakini kuambiwa ni nani atakufa si kujua njia ambayo atafika kwenye kifo. Watu zaidi ya milioni walitia saini kuomba sezoni ya mwisho ifanywe upya. Sisi hatukutia. Wafanyakazi walifanya kazi, walilipwa, kazi imetoka. Hauwezi kumrudisha mtu wa kamera juu tu haukupenda rangi ya mchanga.

Na wale wanaosema Martin ni mvivu? Mtu aliyechukua pesa ya kazi lazima atoe kazi, hata sendika inasema hivyo. Deni lake ni kwa wachapishaji, si kwetu. Pale anapotushangaza ni 2018: akatoa kitabu kingine, Fire & Blood, cha zamani za wafalme walewale, mwaka 2022 seri House of the Dragon ikatolewa humo, na volume ya pili ya kitabu hicho haijatoka nayo! Shimo la kwanza bado, amefungua la pili.

Kwa nini tunasumbuka na haya? Juu Kisangani nasi tuko na hadithi isiyoisha. Vita vya Siku Sita, tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana katikati ya nyumba zetu. Dieudo Hamadi, mtoto wa hapa, aliwafuata walioumizwa na vita ile, wengine bila miguu, waliposhuka mto mpaka Kinshasa kudai fidia. Filimu yake, En route pour le milliard, ilitoka 2020. Angeweza kuwatafutia mwisho mtamu, watazamaji wa mbali wangeshangilia. Hakufanya. Filimu inasimama pale mambo yenyewe yaliposimama. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ya La Haye ikaamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na ndani yake milioni 60 ni za mali ya asili iliyochukuliwa, dhahabu na almasi zikiwemo. Hapo sura mpya ilifunguka. Na hukumu kwenye karatasi si pesa mkononi mwa aliyekatwa mguu. Hiyo nayo ni sura yake.

Basi watu wa kamera wakifika kwenye mashimo yenu, na wanafika, wapokeeni vizuri, wapeni maji. Halafu waulizeni: hadithi yetu mtaisimamisha wapi, na nani ataamua? Kama mwisho umekwisha andikwa kwenye ofisi zao kabla hawajashuka, hao wanatafuta tu sura za kujaza picha. Na vijana wenye shule waanze daftari sasa: shimo lilifunguliwa na nani, lilianguka mwaka gani, nani walibaki chini. Kazi hiyo ikichukua miaka 10, ichukue. Hatuna sezoni ya kutoa.

Kwa wale wa mabishano: tuko na tomu tatu za kwanza za Le Trône de fer, zimechoka lakini kurasa zote ziko. Ya nne inakosa. Mwenye nayo aipitishe, tutamrudishia.