Jeki haitelezi yenyewe

Wadau, leo nina ugomvi na neno moja. Neno lenyewe ni "kuteleza".

Fundi kalaliwa na gari, sisi waandishi tunaandika: chanzo cha ajali ni jeki kuteleza. Nukta. Tunaweka jina la marehemu, umri wake, mkazi wa mtaa gani, kamanda amethibitisha, mwili umehifadhiwa hospitali. Sentensi tano au sita, habari imeisha, mhariri anaibandika pembeni ya tangazo la mnada. Hakuna anayeuliza jeki ilikuwa imekaa juu ya nini. Hakuna anayeuliza gari lilikuwa limeshikiliwa na kitu gani kingine zaidi ya hiyo jeki. Hakuna anayeuliza nani alikuwa anasema "fanya haraka, nina safari". Kwa Kiswahili chetu hiki cha magazetini jeki inakuwa kama nyoka, imejitokea yenyewe porini ikamgonga mtu.

Mimi nasema jeki haitelezi yenyewe. Imewekwa na mtu, mahali pabaya, kwa kazi ambayo haikutengenezewa. Na mara nyingi mwenye gari alikuwa amesimama pale pale, simu sikioni, anaona kila kitu. Tena mwenye gari siku hizi ni msomi, ana digrii yake kabatini, na fizikia ya kidato cha pili aliifaulu!

Jumamosi asubuhi pita hapa Mpanda mjini, anzia Makanyagio, katiza Kashaulili, teremka Nsemulwa. Hesabu Noah zilizoinuliwa kona moja, miguu ya binadamu imechomoza chini yake. Mimi nimeacha kuhesabu. Noah huku Katavi ndiyo kila kitu. Ni gari la familia, ni gari la mazao, ni gari la abiria kwenda vijijini, ni gari la kupeleka maiti nyumbani. Kuja Tabora kwa lami ni raha, lakini acha lami uingie njia za Mishamo au Mwese uone bushi na boljointi zinavyokufa. Shokapu ndiyo usiseme. Kwa hiyo gari la huku linapanda jeki mara nyingi kuliko gari la Masaki, na linapandishwa nyumbani, chini ya mwembe, au kwenye gereji bubu. Sio kwenye karakana yenye sakafu ya zege.

Sasa tuiangalie hiyo jeki yenyewe. Ile ya mkasi inayokuja na gari kutoka Japani ina kazi moja tu: kuinua kona moja kwa dakika chache ubadilishe tairi ukiwa umechuchumaa PEMBENI. Basi. Inasimama juu ya kibamba kidogo kama kiganja cha mtoto, na uzito wote umeshikwa na skrubu moja ndefu. Noah tupu ina karibu tani moja na nusu. Gari likisogea kidogo mbele au nyuma, mkasi unalala ubavu, na aliye chini hana hata muda wa kusema "mama".

Mafundi wengi wanaidharau hiyo na kutumia jeki ya chupa, ya mafuta. Wanaiamini kwa sababu ubavuni imeandikwa tani 5 au tani 10. Jamani, hizo tani ni uwezo wa kuinua. Haijaandikwa popote kwamba itakaa imeshikilia mchana kutwa wakati wewe unagongagonga bushi na nyundo. Kinachozuia gari lisishuke ni mafuta yaliyofungiwa ndani ya silinda na kipande cha mpira, ile sili, ambayo imezeeka, imekula vumbi la barabara ya Karema, na haijabadilishwa tangu jeki inunuliwe. Juu kuna kichwa cha chuma kidogo kama kifuniko cha soda, kimegusa chuma kingine cha gari, chenye mafuta na tope. Chuma juu ya chuma. Hapo mtu anaingiza kichwa chake.

Onyo lipo, ila mara nyingi limeandikwa Kijapani, na kitabu cha gari nacho ni Kijapani mwanzo mpaka mwisho, kwetu kazi yake ni kukaa kwenye droo mpaka panya wakigundue. Tumeagiza magari kwa maelfu na hatujatafsiri hata ukurasa mmoja. Ukurasa huo ungekuonyesha kwamba chini ya milango, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele na mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, ukingo wa bodi una mapengo mawili madogo. Katikati ya mapengo hayo ndipo pameimarishwa kwa ajili ya jeki. Ukiweka kando unakunja bati. Ukiweka kwenye sampo unapasua sampo, halafu unamlaumu Mjapani.

Na ardhi yetu nayo ina vituko vyake. Nenda upande wa Mwamkulu na Kakese kwenye mashamba ya mpunga. Kiangazi udongo mweusi wa mbuga umepasuka nyufa na ni mgumu kama saruji. Masika ni uji. Ukiweka kibamba cha jeki pale kinazama taratibu, upande mmoja kabla ya mwingine, na gari linaanza kuinama huku fundi anafungua nati. Ubao mpana na mnene chini ya jeki unatibu sehemu kubwa ya ugonjwa huo. Katavi, mkoa wa misitu, tukose ubao?

Kuna jambo lingine ambalo hata madereva wazoefu wanabishia. "Nimeweka gia ya P, gari haliendi popote." Noah nyingi za kuanzia mwaka 2001 zinavutwa na magurudumu ya mbele, na P inashika huko mbele. Ukiinua gurudumu moja la mbele, lile lililo hewani linaweza kuzunguka upande mmoja na mwenzake aliye chini akabingirika upande wa pili, maana difu inawaruhusu. P imeshakuwa pambo. Ukiinua nyuma, breki ya kuegesha ambayo inashika magurudumu ya nyuma inapungukiwa nguvu nusu, au yote kama umeinua pande zote mbili. Ndiyo maana panahitajika kabari, mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Sio kokoto mbili ulizookota. Kabari. Na nati zilegezwe kidogo wakati tairi bado liko ardhini, sio gari liko hewani halafu mtu anaruka juu ya spana kama yuko sarakasi.

Yote hayo ni kwa kubadilisha tairi. Kuingia chini ni habari nyingine kabisa, na hapa sina mjadala. Hakuna mtu wa kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki inainua, kitu kingine kinashikilia. Kitu hicho ni stendi za chuma, zile zenye miguu na meno, zikiwa mbili kwa kiwango cha chini, zimekaa mahali pagumu pa gari na ardhi iliyosawazishwa. Gari likishakalia stendi, lisukume kwa mkono ukiwa nje. Likitikisika vibaya, bora litikisike wewe ukiwa nje. Halafu tairi ulilovua lilaze chini ya ukingo wa bodi, lisikae linaegemea mti. Likishuka gari, litalalia tairi kabla ya kulalia kifua.

Najua majibu, nimeyasikia yote. La kwanza: stendi ni ghali. Za kwangu mbili zilinigharimu pungufu ya tairi moja jipya. Mtu huyo huyo anayelia ughali ameweka rimu za kung'aa, spika zinazotetemesha kioo na taa za bluu chini ya dashibodi. Hela ipo, inapelekwa penye kuonekana.

La pili: "Hata stendi zinaanguka." Kweli. Mwaka 2020 kule Marekani kampuni ya Harbor Freight iliita zirudishwe stendi zaidi ya milioni moja kwa sababu meno yake yalikuwa yanaweza kuachia, na baadhi ya zilizotolewa badala yake nazo zikaitwa kwa kasoro ya kuchomelea. Sasa wewe unajifunza nini hapo? Mimi najifunza kwamba wenzetu walikuwa na stendi, wakajua mtengenezaji ni nani, wakazirudisha, wakadai hela zao. Wewe unajifunza kulalia tofali?

Maana tofali ndilo jibu la tatu, na ndilo linaloniudhi kuliko yote. Tofali la kuchoma linabeba nyumba kwa sababu mzigo umetandazwa juu ya ukuta mzima. Likiwekewa ncha moja ya chuma linapasuka ghafla bila kutoa taarifa. Kama stendi hakuna kabisa, tumia vipande vya mbao ngumu, vipana, vya urefu sawa, upange viwili viwili kwa kupishana kama wanavyopanga matofali tanurini, mpaka vifike chini ya gari. Mabaki ya kiwanda cha mbao yanatosha. Msiende kung'oa mataruma ya reli halafu mkasema mwandishi kawatuma.

La nne ni "kazi ya Mungu". Hili nawaachia mashehe na wachungaji, ila sijamsikia hata mmoja akihubiri kwamba Mungu anapendelea wasio na stendi.

Serikali nayo isijifiche. Barabarani askari atakuuliza pembetatu, atakuuliza kizima moto, atakagua stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama. Sawa kabisa. Lakini gari linapotoka barabarani na kuingia chini ya mwembe, usalama unabaki barabarani. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayotaka sehemu za kazi zisajiliwe na kukaguliwa. Gereji bubu si sehemu ya kazi? Watu wanakwenda pale asubuhi kufanya nini, kusali? Ilipofika Desemba 2018 vitambulisho vya wajasiriamali vikaanza kutolewa kwa shilingi 20,000, wahusika waliwafikia watu wadogo kabisa, hadi vichochoroni. Kumbe kuwafikia inawezekana! Hao hao wangeweza kuuliza swali moja tu la nyongeza: hapa gari mnalishikilia na nini?

Na fidia? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na mwajiri. Kijana wa chini ya mwembe hana mwajiri. Ana "bosi", yaani wewe mwenye Noah, ambaye ukishatoa rambirambi na kilo kumi za mchele unatafuta fundi mwingine amalizie ile bushi.

Ndiyo maana simwelekezei kidole fundi kwanza. Fundi anafanya kile mteja anacholipia. Tunabishana naye kwa shilingi elfu tano, tunamwangalia saa, tunamsifia kwa kumaliza haraka. Tukimwona anasawazisha ardhi na kutafuta kabari tunasema huyu mzembe.

Kuna mmoja namfahamu hapa mjini, mtu mzima, nikimkuta huwa namwamkia kwanza ndipo tunaongea. Ana magogo yake manane ya mninga, meusi kwa grisi, na haingii chini ya gari kabla hajayapanga. Ukimharakisha anakwambia, "Mwanangu, chukua gari lako." Wateja wengi wamelichukua kweli, wamehamia kwa vijana wa jirani ambao hawana gogo hata moja na wanamaliza mapema. Juzi saa nne asubuhi nilimkuta amekalia gogo lake, anakunywa chai, hana gari hata moja. Kwa jirani yake kulikuwa na Noah tatu hewani, na jozi tatu za miguu.