TV ikigoma, usikimbilie dukani

Wenzetu, mwezi uliopita TV ya chumbani kwetu hapa Deira ilipoteza picha, sauti ikabaki. Papo hapo mmoja wetu akasema tununue mpya, kila mtu atoe dirham 150. Tuko sita: hizo ni 900, kama dola 245. Ada ya mtoto nyumbani hiyo!

Tukasema subiri kwanza. Tukachomoa umeme dakika chache, tukarudisha. Wapi! Tukabadilisha waya wa HDMI na tundu lake. Bado. Usiku tukazima taa, tukamulika kioo kwa tochi ya simu: picha ikaonekana kwa mbali. Basi, kioo kizima. Zilizokufa ni taa za nyuma yake. Fundi akaziweka mpya kwa dirham 180, yaani 30 kila mtu.

Kuifungua wenyewe hatushauri, ndani hubaki umeme hata ukishachomoa. Na kioo kikipasuka, hapo achana nayo. Ila kupima ni bure. Msimamo wetu: pima, uliza bei, ndipo utoe hela. Na zile 120 ulizookoa, zitume nyumbani siku hiyohiyo, zisije zikaishia kwenye shawarma.