Bei ya motokari ya kale iko ndani ya karatasi zake

Tarehe 10 Januari 2020, katika mji wa Kissimmee, jimbo la Florida huko Marekani, motokari moja ya mwaka 1968 ilipigwa mnada ikafika dola milioni 3,4, bila kuhesabu malipo ya wenye mnada. Ilikuwa Ford Mustang ya milango miwili, rangi ya kijani kilichokoza, ile aliyoiendesha Steve McQueen katika filamu Bullitt. Haikuwa inang'aa. Rangi ilikuwa imechubuka, kutu ilionekana, na viti vilikuwa vimechakaa. Mtu akiiona imesimama mbele ya gereji hapa Likasi, angeuliza inauzwa kilo ngapi za chuma.

Wengi watasema bei ile ilitokana na jina la mchezaji wa filamu. Ni kweli, lakini jina peke yake halitoshi. Mwaka ule wa 1968 kampuni ya Ford ilitengeneza Mustang zaidi ya 300,000. Mtu yeyote anaweza kupaka mojawapo rangi ya kijani na kuapa kwamba ndiyo yenyewe. Kilichomaliza ubishi ni namba iliyopigwa katika chuma: 8R02S125559. Namba 8 ni mwaka 1968. Herufi R ni kiwanda cha San Jose, California. 02 ni umbo la motokari yenye mgongo ulioteremka. S ni aina ya injini. Namba zinazofuata ni za mfululizo wa kiwanda, na zote pamoja ni zake peke yake, hakuna motokari nyingine inayozibeba.

Jambo la pili ni jamaa iliyoitunza. Waliinunua mwaka 1974. Mama wa nyumba, aliyekuwa mwalimu, aliiendesha kwenda shuleni. Baadaye iliharibika, ikaegeshwa miaka mingi. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliwaandikia barua akitaka kuinunua, nao wakakataa kuuza. Barua ile hawakuitupa. Waliihifadhi pamoja na motokari, na siku ya mnada ilikuwa ushahidi mbele ya watu wote.

Sasa, habari ya matajiri wa Florida inawahusu nini watu wa Likasi, ambako wengi asubuhi wanafikiri kwanza bukari ya jioni? Inawahusu sana, hasa jamaa zilizohama makwao. Maswali ambayo mnunuzi wa motokari ya kale anauliza ndiyo yale ambayo ofisi ya ardhi inamuuliza mkimbizi anaporudi: Karatasi iko wapi? Namba inalingana? Kabla yako alikuwa nani? Asiye na jibu anapoteza mali yake, hata kama jirani wote wanajua ni yake.

Likasi inajua mambo haya kuliko miji mingi. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya jamaa zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika nyumba zao, zikalala kwenye stasheni na ndani ya shule zikingojea treni. Vitanda, baiskeli, hata nyumba ziliuzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu muuzaji alikuwa na haraka na mnunuzi hakuwa nayo. Miaka ishirini baadaye, vita vya Mai-Mai vilikimbiza watu wengi sana upande wa Mitwaba, Manono na Pweto. Mtu anayekimbia risasi anabeba mtoto na sufuria. Karatasi inabaki ndani ya sanduku, na sanduku linachomwa pamoja na nyumba.

Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya parseli inathibitishwa na certificat d'enregistrement. Watu wengi katika kartiye hawana karatasi hiyo. Wana fiche parcellaire ya komini, wengine wana karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi na mashahidi wawili. Hizo hazina nguvu sawa na certificat, lakini ni bora kuliko mikono mitupu. Hivyo zisiachwe kuliwa na mchwa.

Kuna watakaojibu kwamba karatasi haizuii bunduki, na kwamba wapo waliokuwa na certificat kamili wakanyang'anywa parseli hata hivyo. Ni kweli, na uchungu wao si wa kupuuza. Lakini yule mwenye karatasi ana pa kuanzia siku amani inaporudi, na mtoto wake pia. Asiyekuwa nayo anaanza kwa kuomba huruma.

Kwa hiyo kila jamaa ifanye mambo machache yasiyohitaji makuta mengi. Kila karatasi ipigwe picha kwa simu, na picha itumwe kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Majina ya avenue, namba ya parseli na majirani wa pande zote yaandikwe katika kitabu kimoja. Mtoto aliyezaliwa ukimbizini aandikishwe ndani ya siku 90 kama sheria inavyotaka. Na kama kuna jamaa yenye motokari ya kale iliyolala nyuma ya nyumba, ising'oe namba yake, isitupe injini ya kwanza wala carte rose, na isiiuze kwa kilo kabla ya kuuliza mtu anayejua.

Wakubwa wa komini za Likasi, Kikula, Panda na Shituru nao wana deni. Mkimbizi anayekuja kuomba nakala ya karatasi yake asilipishwe kama mfanyabiashara, na asirudishwe kesho na keshokutwa. Vitabu vya komini vitunzwe mahali pakavu, penye kufuli, na nakala yake iwekwe pengine.

Huko Marekani, watu walitunza barua moja na namba moja kwa miaka zaidi ya arobaini kwa ajili ya gari. Haki ya jamaa kurudi kwenye parseli yake inastahili kutunzwa zaidi ya hapo.